NYUMBA YETU: Taa ya Chini ya Pangaboi



Mwezi huu twataka kunena habari ya kitu kidogo kilicho juu ya vichwa vyetu kila usiku, ambacho wengi hukilalamikia na wachache hukiangalia: taa ile iliyofungwa chini ya pangaboi. Katika miji ya pwani, kama Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, joto halituachi hata jua likiisha kuchwa. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mahali pa katikati ya dari pamepewa pangaboi. Lakini katikati ya dari ndipo mahali pa taa pia, na mafundi wameviunganisha vitu hivyo viwili, pangaboi juu na taa chini yake. Upepo twaupata wa kutosha; nuru mara nyingi haitoshi.

Kutokutosha kwake si jambo dogo. Chini ya taa hiyo mtoto husoma kwa ajili ya mtihani, naye huinama mpaka pua ikaribie kugusa daftari. Chini ya taa hiyo bibi hutafuta tundu la sindano asilione, na mama huchagua mchele, na jiwe moja likimponyoka litavunja jino la mtu. Basi huja siku baba akachoka na malalamiko, akaenda dukani, akanunua balbu kubwa kuliko zote, akaifunga. Usiku ule wote hufurahi. Lakini baada ya majuma machache kioo kimepasuka, au kishikizo cha balbu kimebabuka, au chumba kinanuka plastiki iliyoungua. Nyumba nzima ingaliweza kuteketea watu wakiwa usingizini.

Kwa hiyo swali letu ni hili: mtu afanyeje ili taa ya pangaboi lake itoe nuru zaidi, bila kuwatia hatarini watu wa nyumbani mwake? Jibu letu kwa ufupi ni kwamba nuru na joto si kitu kimoja. Zamani hatukuweza kununua kimoja bila kingine. Siku hizi twaweza. Mwenye kujua hivyo atanunua nuru, hatanunua moto.

Asili ya taa hii

Pangaboi la umeme si kitu cha jana. Katika miaka ya 1880 Philip Diehl, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika kampuni ya Singer, ile ile ya vyerehani, alichukua mota ya namna aliyoibuni kwa ajili ya cherehani, akaifunga darini na kuitia mabawa. Baadaye akaliongezea pangaboi lake taa. Tangu hapo taa hii imekuwa na taabu zake za pekee: imekaa mahali pembamba, chini ya mota yenye joto lake yenyewe, hutikiswa kila saa pangaboi linapozunguka, tena mara nyingi imefungiwa ndani ya bakuli la kioo lisilopitisha hewa. Taa nyingine za nyumbani hazina taabu hizi zote pamoja. Ndiyo sababu balbu iliyofaa sebuleni kwa jirani yaweza isifae hapa.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja

Kwanza twawasihi kufanya jambo lisilo na gharama. Zimeni umeme, ngojeni taa ipoe na pangaboi lisimame kabisa, kisha lifungueni lile bakuli la kioo na kulitazama. Aghalabu mtaona ndani yake vumbi, wadudu waliokufa, na weusi wa moshi wa jikoni. Pangaboi huzungusha hewa ya chumba kizima, na vumbi la hewa hiyo hutua juu ya mabawa na juu ya kioo. Liosheni bakuli kwa maji na sabuni, mlikaushe vema kabla ya kulirudisha. Tazameni na dari: dari nyeupe huirudisha nuru chini, bali dari iliyofifia kwa moshi huimeza. Pengine mkiisha kufanya hayo mtaona kwamba haja ya balbu mpya imekwisha. Ikiwa haikwisha, endeleeni kusoma.

Wati si kipimo cha nuru

Tumezoea kumwuliza mwenye duka, "Una balbu ya ngapi?" naye hujibu, "Ya arobaini, ya sitini, na ya mia." Hizo ni wati. Lakini wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, si kipimo cha nuru inayotolewa. Kupima taa kwa wati ni kama kupima chakula kwa wingi wa kuni. Mafiga matatu hula mzigo wa kuni, na sehemu kubwa ya joto lake hupotea pembeni; jiko banifu hula vipande vichache, na ugali huiva vile vile. Mtu asiyejua huenda akadhani kwamba penye kuni nyingi ndipo penye ugali mwingi.

Balbu ya zamani ndiyo mafiga matatu. Ndani yake mna uzi mwembamba wa madini ya tangisteni, ambao umeme huutia moto mpaka upite digrii 2,000, ndipo ung'ae. Zaidi ya sehemu 9 katika kila 10 za umeme wake hugeuka kuwa joto, na kidogo kilichobaki ndicho nuru. Balbu za LED hazina uzi wa kuwaka. Nuru yake hutoka katika kipande kidogo mno cha madini ambacho umeme ukipita ndani yake hung'aa. Vipande vya nuru nyekundu vilianza kuonekana mwaka 1962, lakini nuru ya samawati iliwashinda mabingwa kwa miaka mingi, na bila samawati nuru nyeupe ya nyumbani haikupatikana. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura (huyu wa mwisho alikuwa amekwisha kuwa raia wa Marekani), walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa sababu ya kazi hiyo.

Kipimo cha nuru yenyewe huitwa lumeni, nacho huandikwa juu ya kisanduku cha balbu kwa herufi "lm". Twawaomba mkariri hesabu hizi. Balbu ya zamani ya wati 40 hutoa lumeni karibu 450. Ya wati 60 hutoa karibu 800. Ya wati 75, karibu 1,100. Na ya wati 100, karibu 1,600. Balbu ya LED hutoa lumeni 450 kwa wati 4 hadi 6 tu. Lumeni 800 kwa wati 8 hadi 10. Na lumeni 1,600 kwa wati 14 hadi 17. Basi mwenye kutaka nuru zaidi na atafute lumeni nyingi, wala asibabaishwe na jambo lingine.

Ziko pia zile balbu nyeupe za mirija iliyosokotwa, zilizopendwa sana miaka iliyopita. Hula umeme kidogo, lakini ndani yake mna zebaki, ambayo ni sumu. Mwaka 2022 mataifa ya Mkataba wa Minamata yalikubaliana kwamba utengenezaji na biashara ya kuzisafirisha balbu za nyumbani za namna hiyo ukome mwaka 2025. Msizinunue tena. Iliyo nyumbani ikivunjika, fungueni madirisha, waondoeni watoto, wala msiokote vipande kwa mikono mitupu.

Onyo lililoandikwa ndani ya taa

Karibu na kishikizo cha balbu, au juu ya chuma kilicho nyuma yake, mtaona maandishi madogo kama "MAX 40W" au "MAX 60W". Maana yake ni kwamba balbu itakayofungwa hapo isile zaidi ya wati hizo. Mtengenezaji hakuandika ili kuwanyima nuru. Aliandika kwa sababu waya, plastiki na kioo alivyovitumia havistahimili joto zaidi ya hilo. Mwenye kufunga balbu ya zamani ya wati 100 mahali palipoandikwa 40 hatauona moto siku ile. Atakachokifanya ni kuikausha mipira ya waya kidogo kidogo, usiku kwa usiku, mpaka iwe migumu na kupasuka, kisha waya mbili zigusane. Tahadhari kabla ya hatari.

Hapa twataka kuwaondolea watu fadhaa moja. Juu ya kisanduku cha LED mara nyingi huandikwa namba mbili. Moja ni kubwa, tuseme 60W. Ya pili ni ndogo, tuseme 9W. Ile kubwa ni mfano tu: yasema kwamba nuru ya balbu hii ni sawa na nuru ya balbu ya zamani ya wati 60. Ile ndogo ndiyo wati halisi zinazoliwa. Onyo la ndani ya taa hulinganishwa na namba ndogo, yaani wati halisi. Kwa hiyo mahali palipoandikwa "MAX 40W" mwaweza kufunga LED ya wati 9 itoayo lumeni 800, hata kama kisanduku chake kina maandishi makubwa ya 60W. Wala hamkuvunja sheria ya mtengenezaji.

Tuseme mfano. Chumba kina pangaboi lenye vishikizo vitatu, kila kimoja "MAX 40W", na ndani yake mna balbu tatu za zamani za wati 40. Nuru yote ni lumeni karibu 1,350, na umeme unaoliwa ni wati 120. Wakiziondoa na kufunga LED tatu za lumeni 800, za wati 9 kila moja, nuru itakuwa lumeni 2,400, na umeme wati 27 tu. Taa ikiwashwa saa 5 kila usiku kwa siku 30, balbu za zamani zitakula uniti 18. Zile mpya zitakula uniti 4 na kidogo. Nuru imekaribia kuwa mara mbili, na uniti zimepungua chini ya robo. Kila nyumba inayonunua umeme kwa LUKU itaona tofauti hiyo bila kufundishwa.

LED nayo huogopa joto

Msidhani kwamba baada ya hayo mwaweza kufunga LED yoyote mpendayo. Balbu hii haitoi joto jingi, lakini yenyewe haipendi joto. Katika shina lake mna vyombo vidogo vya kuugeuza umeme, navyo vikikaa katika joto kali huchakaa upesi. Sasa fikirini: usiku wa mwezi wa Februari huko pwani, hewa ya karibu na dari ni ya moto kuliko hewa ya chini, mota ya pangaboi nayo ina joto, na bakuli la kioo limefungwa pande zote. Balbu iliyoahidiwa kudumu miaka kumi yaweza kufa kabla ya mwaka mmoja, na mtu akasema, "LED ni uongo."

Dawa yake ni tatu. Ya kwanza, tafuteni balbu iliyoandikwa kwamba yafaa kutumiwa ndani ya taa iliyofungwa. Ya pili, msizidishe. Katika bakuli lililofungwa, balbu mbili au tatu za lumeni 800 hudumu kuliko moja kubwa ya lumeni 1,600, maana joto limegawanyika. Ya tatu, ikiwa pangaboi lenu lina vikombe vilivyo wazi chini badala ya bakuli lililofungwa, shukuruni, kwa kuwa balbu zenu zapumua.

Tena yako mapangaboi mapya yasiyo na balbu kabisa, bali yana sahani ya LED iliyoshikamana na chombo chake. Hayo hayabadiliswi balbu. Nuru yake ikififia, hapana budi kutafuta sahani nyingine ya namna ile ile. Basi kabla ya kununua pangaboi ulizeni: je, taa yake ni ya balbu, au ni ya sahani? Ile ya balbu itakupeni nafasi ya kuchagua siku zijazo.

Shina, kimo, na volti

Watu wengi hurudi dukani mara mbili kwa sababu hawakuichukua balbu ya zamani pamoja nao. Ichukueni. Katika mapangaboi yetu mashina ni ya namna tatu. Liko shina la pini mbili, ambalo husukumwa na kuzungushwa kidogo, na upana wake ni milimita 22. Liko la skrubu nene, milimita 27. Na liko la skrubu nyembamba, milimita 14, ambalo hupatikana sana katika taa zenye vikombe vidogo. Moja haliingii mahali pa jingine. Pimeni na kimo chake pia, kwa kuwa LED yenye lumeni nyingi aghalabu ni ndefu na nene kuliko balbu ya zamani, nayo isiguse kioo.

Katika habari ya volti, twataka tusikilizwe kwa makini. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na wa Kenya 240. Umeme wa Marekani ni volti 120. Skrubu ya balbu za Marekani yakaribiana mno na ile yetu ya milimita 27, hata huingia bila shida. Ndugu aliye ng'ambo akileta zawadi ya balbu nzuri, someni kwanza maandishi yaliyo juu ya shina. Ikiwa ni 120V peke yake, isifungwe. Itaharibika mara ile ile, pengine kwa mlio na moshi. Na kwa mitaa ambayo umeme hupanda na kushuka, ichagueni balbu iliyoandikwa kwamba yafanya kazi tangu volti za chini hata za juu, kama 170 hadi 265.

Rangi ya nuru

LED huuzwa kwa rangi mbalimbali za nuru, nazo hutambulikana kwa namba yenye herufi K. Ile ya 2,700K ni ya manjano, kama balbu ya zamani. Ile ya 4,000K ni nyeupe ya kati. Ile ya 6,500K ni nyeupe yenye samawati, kama mbingu ya adhuhuri. Wengi huipenda hii ya mwisho kwa sababu jicho huiona kali, wakadhani ni nuru zaidi. Lakini namba ya K si lumeni. Balbu ya 2,700K yenye lumeni 800 na ya 6,500K yenye lumeni 800 hutoa nuru sawa kwa kipimo. Ni sura tu iliyotofautiana.

Ushauri wetu ni kwamba chumba cha kulala kipewe ya manjano, kwa kuwa nuru ya samawati usiku huudanganya mwili kana kwamba bado ni mchana, na usingizi hukawia. Sebule ambamo watoto husoma yafaa 4,000K. Mshonaji na atazame pia namba ya ukweli wa rangi, ambayo huandikwa Ra au CRI. Ikiwa 80 yafaa kwa kazi za nyumbani. Ikiwa 90 ni bora zaidi, na uzi mwekundu hautaonekana kuwa wa zambarau mpaka asubuhi.

Kuyumba na kumetameta

Balbu ya zamani hukatika uzi kwa kutikiswa; LED hustahimili zaidi. Lakini kutikisika kwaweza kuilegeza balbu katika kishikizo, ndipo inapoanza kuwaka na kuzimika. Pangaboi linaloyumba lisiachwe. Mara nyingi skrubu za mabawa zimelegea, au bawa moja limepinda. Balbu zote za pangaboi moja ziwe za namna moja na uzito mmoja.

Angalieni pia kwamba taa isiunganishwe na ile swichi ya kuzungusha iongezayo na kupunguza mbio za pangaboi. Swichi hiyo ni ya mota. Taa na iwe na swichi yake. Na ikiwa chumba kina taa nyingine juu ya mabawa, mtaona vivuli vikipita upesi upesi ukutani pangaboi likizunguka. Vivuli hivyo huumiza kichwa na kuchosha macho. Hiyo ndiyo faida ya taa iliyo chini ya mabawa: nuru yake haikatwi.

Hata nuru ya darini ina mwisho wake

Sasa twafika penye neno ambalo wauzaji wa balbu hawatawaambia. Twarudi kwa chumba kile cha mfano wetu, chenye lumeni 2,400, na tuseme kina mita 4 kwa mita 4, yaani mita 16 za mraba. Hata kama nuru yote ingalifika chini bila kupungua, kila mita ya mraba ingalipata lumeni 150. Lakini wataalamu wa taa hupendekeza meza ya kusomea ipate lumeni 300 hadi 500 kwa kila mita ya mraba. Kwa kweli kioo na kuta hula sehemu yao, hata kinachofika daftarini ni pungufu zaidi. Je, tuongeze balbu mpaka zitoshe? La. Macho yataumia kwa mng'ao, na taa itajaa joto.

Tazameni kanuni ya umbali. Nuru ya balbu hutawanyika kadiri iendavyo mbali. Balbu iliyo mita moja na nusu juu ya kitabu, ikiletwa mpaka nusu mita, kitabu kitapata nuru mara 9 ya ile ya kwanza, wala hamkuongeza hata wati moja. Basi taa ya pangaboi na iwe ya kutembelea, kula na kuzungumza. Mtoto wa shule apewe taa ndogo ya mezani, yenye kofia inayomkinga macho, na balbu ya lumeni 450 au 800. Taa hiyo yaweza kumsaidia kuliko pangaboi lenye balbu sita.

Kadhalika bibi na babu. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani yake karibu theluthi moja tu ya nuru ipokewayo na jicho la kijana wa miaka 20, maana mboni hupungua upana na lenzi ya jicho hugeuka manjano. Mzee akisema, "Taa hii ni hafifu," na kijana akisema, "Mbona yatosha," wote wawili wasema kweli. Asiambiwe kwamba anasumbua. Apewe taa karibu na kiti chake.

Lakini mkiisha kumwongezea nuru, naye akasema bado aona ukungu, au kwamba taa mpya inamchoma macho na ina duara la mng'ao kuizunguka, au rangi zimefifia, msinunue balbu ya tatu. Huenda ni mtoto wa jicho. Ugonjwa huu hauponi kwa taa, wala kwa dawa za kutia machoni. Huponywa kwa upasuaji, ambao daktari huiondoa lenzi iliyofanya ukungu na kuweka nyingine ya bandia. Mpelekeni hospitali. Wazee wengi wamekaa gizani miaka mingi kwa sababu watu wa nyumbani walidhani kosa ni la taa.

Siku ya kuifunga

Kazi yenyewe si ngumu, bali yataka utaratibu. Zimeni umeme kwenye swichi kubwa ya nyumba, si ile ya ukutani tu, kwa kuwa fundi asiye mwangalifu huenda aliikosea waya. Ngojeni balbu ipoe. Simameni juu ya ngazi au meza imara, wala si juu ya kigoda kilichowekwa kitandani, na mtu mwingine aishike. Mikono iwe mikavu. Ikazeni balbu kwa kiasi, bila nguvu nyingi. Mkiona kishikizo kimekuwa cha rangi ya kahawia, au waya umepasuka mpira, au kuna harufu ya kuungua, acheni hapo, mwiteni fundi umeme wa kweli. Na fyuzi ikikatika isifungwe kwa kipande cha waya nene. Fyuzi ni mlinzi, na mwenye kumfunga mlinzi mikono asishangae mwizi akiingia. Mwisho, mapangaboi yenyewe yawe juu: mabawa yake yasiwe chini ya mita 2.3 kutoka sakafuni, ili kijana mrefu akiinua mikono kuvua shati asikatwe vidole.

Basi mtu akienda dukani safari hii, na achukue mambo matano kichwani mwake: lumeni ngapi, wati halisi ngapi, shina gani, volti ngapi, na kama balbu yafaa katika taa iliyofungwa. Mwenye duka akishindwa kumjibu, kisanduku kitamjibu. Na kama kisanduku hakina maandishi hayo, balbu hiyo irudi rafuni, hata ikiwa bei yake ni ndogo.

Haya yatoshe kwa mwezi huu. Twawatakia usiku mwema, na nuru ya kutosha kwa kila mwenye kitabu au sindano mkononi.